Samahani Iliyoponyoka Serikalini

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Waliomo wanaijua, na wasiokuwamo wajishukuru. Ni nchi njema, yenye amani tele, ambamo kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kile unachokihitaji siku hiyo. Na Serikali yake ni ya waungwana. Ukifiwa, inakupa pole. Ukiunguliwa nyumba, inakupa pole. Ukigongwa na gari lake, dereva atashuka, atafunga mlango taratibu rangi isikwaruzike, atakutazama ulivyolala, kisha atakupa pole. Samahani haiombi. Si kwa kiburi, hasha. Ni kwamba haijawahi kukosea.

Katika nchi hiyo aliishi binti aitwaye Sikudhani Mwinchande, mwenye stashahada ya Kiswahili, miwani mizito na ugonjwa mmoja usio na dawa: akisikia neno limewekwa mahali pasipo pake, shingo inamwasha. Ugonjwa huo ulimpatia kibarua Wizarani, katika Kitengo cha Istilahi, kwa mkataba wa muda uliokuwa ukirefushwa kila ulipokaribia kwisha, kama chai ya msibani inavyoongezwa maji. Sikudhani alikuwa anangoja ajira ya kudumu. Mama yake, Bi Sikitu, alikuwa anaingoja zaidi.

Bi Sikitu alikuwa mama lishe mwenye kibanda Mtaa wa Chini, mpaka asubuhi ile Serikali ilipotuma tingatinga kwenda kuzoa jalala la Mtaa wa Juu. Tingatinga likapotea njia. Lilibomoa kibanda, meko, sufuria ya maharage iliyokuwa motoni, na benchi la wateja, ambao kwa bahati walikuwa wamesimama kulishangaa. Mkuu wa Wilaya alifika mwenyewe, akiwa na mpiga picha na mfuko wa sukari.

"Pole sana, mama," akasema.

"Nani kabomoa?" akauliza Bi Sikitu.

"Pole sana, mama," akarudia Mkuu wa Wilaya, kwa sauti ya juu kidogo, akidhani mama hasikii vizuri.

Tangu siku hiyo, neno pole likitamkwa ndani ya nyumba ile, hata mtu akijikwaa tu, Bi Sikitu huinuka akaenda uani.

*

Sasa ikawa Serikali imechoka kutumia kompyuta zenye mifumo ya wageni. Ikatangaza kwamba taifa litakuwa na mfumo endeshi wake, unaoongea Kiswahili, uliobuniwa na wataalamu wazalendo kwa mikono yao wenyewe kutoka katika kasha lililoletwa kwa ndege. Mfumo ukapewa jina la Fahari. Wasiojua mfumo endeshi ni nini walielezwa redioni kwamba ndio ule unaoiambia kompyuta iamke, ifanye nini na ilale lini. Wananchi wakaelewa mara moja. Wao wenyewe walikuwa wakiendeshwa hivyo hivyo.

Kazi ya kuyaandika maneno yote yatakayotokea kwenye kioo alipewa Sikudhani. Aliifanya kwa mapenzi. Alipima kila kitufe mdomoni kabla ya kukiandika, akalala akiota minyambuliko. Kisha maneno yake yakapelekwa mbele ya Kamati.

Kamati iliongozwa na Mheshimiwa Kibwana Tindwa, Waziri wa Mitambo na Mambo Yajayo, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Kulia kwake alikaa Bwana Chogo, Mkurugenzi wa Lugha, aliyekwisha kubali mambo mengi mno maishani hata kichwa kikawa kinatikisika chenyewe kabla swali halijaulizwa.

"Hiki kitufe kimeandikwa nini?" Waziri akauliza.

"Zima, Mheshimiwa," akajibu Sikudhani.

"Amzime nani?"

"Azime kompyuta."

"Hapa sioni kompyuta. Naona Zima. Mwananchi amekaa, mbele yake nembo ya taifa, chini ya nembo neno Zima. Unamfundisha nini huyo?"

Bwana Chogo akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kitufe kikabadilishwa kikaitwa Pumzisha kwa Heshima.

Wakaja kwenye madirisha, yale yanayofunguka mtu anapofanya kazi. Waziri akayatazama kwa muda mrefu.

"Nondo ziko wapi?"

"Nondo, Mheshimiwa?"

"Wewe kwenu madirisha hayana nondo? Ndiyo maana siri za Serikali zinaibwa."

Mafundi wakaagizwa kuchora nondo. Tangu hapo nyaraka zote za nchi zikawa zinaonekana kama ziko rumande. Na madirisha mawili yakifunguliwa pamoja, nondo zinasokotana, mfumo unapumua kwa shida. Fundi mmoja alijaribu kulieleza hilo. Akaambiwa mwananchi mwenye nidhamu hufungua dirisha moja.

Kisha likaja suala la salamu. Mjumbe mmoja mwenye mvi alitoa hoja kwamba mashine iliyozaliwa juzi inapaswa kumwamkia kila mtu shikamoo. Waziri akamjibu kwamba mashine inabeba nembo, nembo ni taifa, na taifa lina umri mkubwa kuliko mjumbe na baba yake. Hivyo atakayeamkia ni mtumiaji. Ukiiwasha kompyuta yenye Fahari, inanyamaza na kukutazama mpaka uandike Shikamoo. Inajibu Marahaba. Ndipo unapopigwa wimbo wa taifa, beti zote, nawe umesimama. Kazi inaanza baadaye, kama muda upo.

Sikudhani aliyavumilia hayo yote huku akijikuna shingo. Akaendelea kusoma.

"Samahani, faili halijapatikana."

Waziri akainua mkono.

"Nani anaomba samahani hapo?"

"Mfumo, Mheshimiwa."

"Mfumo wa nani?"

"Wa Serikali."

"Kwa hiyo?"

Bwana Chogo, ambaye kichwa chake kilikuwa kimesimama kwa mara ya kwanza mwaka ule, akanong'ona, "Kwa hiyo Serikali inaomba samahani, Mheshimiwa."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote aliyekaa pale."

"Hata mpishi wangu?"

"Akiwa amekaa, Mheshimiwa."

Waziri akaegemea kiti. "Futeni. Kila penye samahani wekeni pole."

Hapo shingo ikamshinda Sikudhani. "Mheshimiwa, pole na samahani si neno moja. Pole anatoa yeyote, hata mpita njia. Samahani anaomba mwenye kosa."

Waziri akamtazama kwa upole wa ajabu. "Sasa, binti, unadhani kwa nini nimesema wekeni pole?"

Sikudhani akakaa chini. Siku zote alidhani wakubwa wanaliharibu Kiswahili kwa kutokukijua. Kumbe Mheshimiwa alikuwa anakijua barabara.

"Umebaki ujumbe mmoja," akasema kwa sauti ndogo. "Ule wa mfumo ukianguka."

"Ukifanya nini?"

"Ukianguka, Mheshimiwa. Ukisimama ghafla, ukashindwa…"

"Fahari hauanguki."

"Lakini ikitokea…"

"Haitokei. Kamati haiwezi kukaa, ikanywa chai ya umma, ikajadili kitu ambacho hakitatokea. Ujumbe huo haupo. Bwana Chogo, upo?"

"Haupo, Mheshimiwa."

Sikudhani akarudi mezani kwake na kutii. Alizifuta samahani zote, moja baada ya nyingine, akaweka pole. Ujumbe ambao haupo hakuugusa, kwa kuwa mtumishi mtiifu hawezi kugusa kitu kisichokuwapo. Ukabaki palepale ulipokuwa, kwa maneno aliyoyaandika mwanzo kabisa, kabla Kamati haijaundwa.

*

Kabla ya uzinduzi, Fahari uliwekwa maofisini ili watumishi watoe maoni yao ya kwanza. Na ili maoni hayo yasichelewe, Wizara iliyatuma mapema, pamoja na kompyuta. Walimu walipangiwa kushangaa, wauguzi kufarijika, askari kuguswa. Mwalimu mmoja aliomba naye afarijike, akaambiwa faraja imekwisha, wauguzi ni wengi.

Redio ya Taifa ikapita kuyakusanya.

"Mzee, umeuonaje mfumo mpya?"

"Mimi nimeguswa sana."

"Wewe si mwalimu?"

"Oh! Nimeshangaa. Nimeshangaa sana."

Hayo ndiyo yaliyotangazwa. Yale mengine, yasiyopangwa, watu waliyatoa kwa sauti ya chini, wakitazama mlangoni. Karani wa vizazi na vifo aliandika vyeti vya wiki nzima, akabonyeza Hifadhi, vyeti vikatoweka, na kwenye kioo pakatokea maandishi ya kupendeza: Pole kwa kupotelewa na kazi yako.

"Ananipa pole!" karani akafoka kwa mwenzake. "Utadhani alikuwa anapita zake barabarani akanikuta nalia. Si yeye aliyevimeza?"

"Punguza sauti, ndugu yangu."

"Sipunguzi! Yaani mtu anakuibia kuku, halafu anakuja kukusaidia kumtafuta huku anacheua!"

Mwenzake alinyanyuka akaandika Shikamoo kwenye kompyuta yake, ikajibu Marahaba, wimbo ukaanza, wote wawili wakasimama wima. Mazungumzo yakaishia hapo. Ikabidi hata wapinzani wa Fahari wakiri kwamba mfumo una faida zake.

*

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Wananchi walikuja kwa hiari yao, ambayo ilikuwa imepita nyumba kwa nyumba tangu alfajiri. Kioo kikubwa kama ukuta wa ghala kilisimamishwa mbele ya jukwaa. Mkuu wa Nchi alikaa katikati, na kila alipojipangusa jasho, jukwaa zima lilijipangusa.

Waziri Tindwa akapanda kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Kuna mataifa yana mifumo. Lakini mifumo hiyo inaganda! Inakwama! Inaanguka! Nauliza, Fahari utaanguka?"

"Hauangukiii!" uwanja ukaitikia.

"Nauliza tena, utaanguka?"

"Hauangukiii!"

"Fahari hauna mlango wa kuingilia kosa. Kosa lenyewe likiuona, linageuza njia!"

Mkuu wa Nchi akasogezewa kompyuta. Palitokea mashaka kidogo juu ya nani atamwamkia nani, lakini msaidizi mmoja mwerevu aliinama akaandika Shikamoo kwa niaba ya pande zote mbili. Marahaba. Wimbo ukapigwa, watu wakasimama. Ulipofika ubeti wa mwisho ukarudi mwanzo. Wakaendelea kusimama. Ulipoanza kwa mara nyingine, mabalozi wa nje walitazamana, lakini nani angethubutu kuwa wa kwanza kukaa? Hatimaye ulinyamaza wenyewe. Mkuu wa Nchi akafungua dirisha. Likapendeza, na nondo zake. Akavutiwa, akafungua la pili.

Kioo kikawa cheupe pee. Juu ikabaki nembo ya taifa. Chini ya nembo, kwa herufi ambazo mtu aliyeketi nyuma kabisa ya uwanja angezisoma bila miwani, pakatokea maneno haya:

SAMAHANI. MFUMO UMEANGUKA. KOSA NI LETU, SI LAKO.

Ilikuwa mara ya kwanza Serikali kuomba samahani tangu nchi iwe nchi. Watoto hawakujua kilichotokea, wakaona tu wazazi wao wamezubaa midomo wazi.

Mkuu wa Nchi akasoma taratibu, midomo ikicheza. Na kwa kuwa maisha yake yote kila kilichozinduliwa mbele yake alikipigia makofi, akapiga makofi. Jukwaa likapiga makofi. Uwanja ukalipuka. Hivyo samahani ikawa imeshapitishwa na mamlaka ya juu kabisa kabla mtu yeyote hajaikana.

Makofi yalipotulia, mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti:

"Kwa lipi?"

Swali zuri. Kioo hakikusema.

"Kwa lile daraja!" akajibu mwingine.

"Daraja gani! Ni la zahanati isiyo na dawa!"

"La wanetu waliofelishwa!"

"La kisima!"

Kila mtu alikuwa na lake, alilokuja nalo kutoka nyumbani, na kila mtu aliona wazi kwamba maneno yale yameandikwa kwa ajili yake. Wengine walikuwa wanalia, wengine wanacheka, na mzee mmoja alikuwa amekunja ngumi akipiga kelele kwamba yeye hasamehi, hasamehi kabisa, lakini ameisikia.

Nyuma ya jukwaa, Bwana Chogo alimshika Sikudhani mkono kwa nguvu. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika kwenda pande zote.

"Sikudhani, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Mkurugenzi. Ule ujumbe haupo."

*

Ndani ya siku chache nchi nzima ilijua siri: fungua madirisha mawili kwa mpigo, Serikali itakuomba samahani. Watu wakaanza kumiminika maofisini.

"Karibu. Umekuja kwa huduma gani?" karani wa wilaya anauliza.

"Nimekuja kuombwa samahani."

"Kwa jambo gani?"

"Mbona unanihoji? Wewe fungua dirisha."

Walikuja wamevaa nguo za sikukuu. Walikuja na wagonjwa wao, na picha za marehemu wao, wakaziinua mbele ya kioo ili nazo zisome. Mke wa diwani alikuja akijifunika uso. Waganga wa kienyeji walilalamika wateja wamepungua. Askari aliyetumwa kutawanya foleni alirudi kambini baada ya saa nyingi, na alipoulizwa alikuwa wapi, akasema zamu yake ilikuwa haijafika.

Bi Sikitu alikuja siku ya soko, amejifunga khanga mpya, doti nzima. Sikudhani alimsindikiza. Karani akawasha, shikamoo, marahaba, wimbo, watu wote kwenye foleni wakasimama. Dirisha la kwanza. Dirisha la pili. Kioo kikawa cheupe.

Bi Sikitu alivaa miwani ya bintiye. Akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kama mtu anayechambua mchele. Alipofika kwenye "kosa ni letu" akarudi nyuma akalisoma tena hilo peke yake.

"Herufi zao ndogo," akasema. "Lakini imo."

"Umeridhika, mama?" karani akauliza, maana foleni ilikuwa ndefu.

"Subiri, mwanangu. Nimengoja muda mrefu kuliko hawa." Akasimama pale mpaka alipotosheka. Kisha akajifunga khanga vizuri na kuondoka. Walipofika nje akamwambia bintiye, "Leo nitapika maharage." Hakuwa amepika maharage tangu tingatinga.

*

Serikali haikulala. Waziri Tindwa aliwaita waandishi wa habari.

"Serikali haikuomba samahani," akasema. "Kilichoonekana kuwa samahani ni hitilafu ya kiufundi yenye umbo la samahani."

"Mheshimiwa, kwa hiyo mfumo ulianguka?"

"Haukuanguka. Ulikaa chini kwa muda."

Mafundi wakaagizwa kuubadilisha ujumbe. Lakini ili kuubadilisha ilibidi wafungue dirisha la ujumbe na dirisha la kuandikia, nondo zikasokotana, na kila walipojaribu, Fahari uliwaomba samahani. Fundi mkuu alipatikana ameketi sakafuni, anatokwa machozi. Alisema yuko kazini miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwambia neno zuri kama lile.

Mashine ikishindikana, anatafutwa mtu. Bwana Chogo akaenda nyumbani kwa Bi Sikitu, akakaribishwa kiti, akakaa ukingoni.

"Binti yangu," akamwambia Sikudhani, "mambo yamerahisishwa. Utakuja Redio ya Taifa, moja kwa moja hewani. Utasema ile samahani uliiandika wewe, bila kutumwa, na unaiombea samahani."

"Niombe samahani kwa kuomba samahani?"

"Ndiyo. Ukishasema, zile zote zilizotolewa zitahesabiwa hazikutolewa. Mheshimiwa atatangaza palepale."

"Zote? Hata za watu waliokwisha kuzipokea?"

"Zitarudi Serikalini." Akashusha sauti. "Na wewe utatoka pale na ajira ya kudumu. Mkuu wa Kitengo. Ukikataa, mkataba wako unakwisha siku hiyo hiyo, na hakuna ofisi nchini humu itakayokupa hata kalamu ya kuazima. Mimi ni mzee wako, nakwambia kwa wema."

Alipoondoka, mama na binti walibaki wametazamana.

"Sema, mwanangu," akasema Bi Sikitu. "Ni neno moja tu. Kazi za kudumu haziokotwi."

"Nikilisema, Mama, wanakuja kuchukua la kwako."

"Watalichukuaje? Mimi nimeshalisoma."

"Watatangaza kwamba hukuombwa. Kwamba siku ile pale hakuna aliyekwambia kosa ni letu. Nitatangaza mimi, kwa mdomo wangu."

Bi Sikitu akafikiria kodi ya nyumba, akafikiria meko yake yaliyosagwa. Hatimaye akainuka akaelekea jikoni.

"Kula kwanza," akasema bila kugeuka. "Ukienda kwa watu wale na njaa watakuonea."

*

Studio ilikuwa na baridi kama ya chumba cha maiti. Waziri Tindwa alikaa upande mmoja wa meza, amevaa suti, ingawa redio haionyeshi suti. Katikati ya meza pamewekwa barua ya ajira ya kudumu, imekwisha kupigwa muhuri, ili Sikudhani aione vizuri. Nyuma ya kioo cha studio alisimama Bwana Chogo. Mitaani watu walikuwa wamezizunguka redio, na maofisini foleni zilikuwa zimesimama kusikiliza.

"Wasikilizaji wapenzi," mtangazaji akasema kwa sauti ya asali, "leo tunaye dada Sikudhani Mwinchande wa Kitengo cha Istilahi, ambaye ana neno kwa Mheshimiwa Waziri na kwa taifa. Karibu, dada."

Sikudhani akasogelea maikrofoni.

"Mheshimiwa, pole."

Waziri akangoja. "Endelea."

"Nimemaliza. Pole sana kwa yaliyokukuta uwanjani."

"Si pole, binti. Tulikubaliana samahani."

"Kamati yako ilikubaliana pole, Mheshimiwa. Nimeiandika mwenyewe, kila mahali, kwa agizo lako."

Mtangazaji akacheka kicheko cha matangazo. "Nadhani dada yetu anamaanisha…"

"Namaanisha pole."

Waziri akainamia meza. Sauti yake ikanenepa. "Dada, nchi nzima inasikiliza. Omba samahani kwa ule ujumbe."

"Ujumbe upi, Mheshimiwa?"

"Unaujua. Ule wa mfumo kuanguka."

"Kwa hiyo mfumo ulianguka?"

Nyuma ya kioo, kichwa cha Bwana Chogo kilianza kwenda juu na chini, polepole, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Haukuanguka," Waziri akasema hatimaye.

"Basi hakuna cha kuombea."

"Sikudhani!" Akapiga meza, redio za nchi nzima zikatetemeka. "Kwa mara ya mwisho. Ajira yako hii hapa, iko mbele yako. Neno moja, unaichukua, unakwenda nayo kwa mama yako."

"Naiona."

"Basi sema!"

Sikudhani aliitazama ile ajira. Ilikuwa nzuri, na jina lake lilikuwa limeandikwa bila kosa lolote. Akaisukuma kwa kidole mpaka ikafika upande wa Waziri.

"Mama yangu ameombwa samahani na nchi hii mara moja maishani mwake," akasema. "Aliivalia khanga mpya. Wako wengi kama yeye, wanatusikia sasa hivi, na wewe unataka nipite mlango kwa mlango niwanyang'anye kwa sauti yangu. Mkataba wangu chukueni. Kiti changu mpeni mwingine, aandike pole mpaka mkono umvimbe. Lakini neno lile liliandikwa mahali pake, na mimi sijakosea. Samahani siombi."

"Utaomba!"

"Siombi."